Upande wa Moshi

Sifa na shukrani ni kwa Mungu, aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na macho yanayoiona karatasi, na mkono ambao bado unashika kalamu bila kutetemeka sana. Ametutoa mbali. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla sijasimulia lolote naiweka shukrani mbele, kama mama anavyoweka maji motoni kabla hajajua atapika nini.

Jumanne iliyopita jirani yangu alikuwa anapika kwanga, mkate wetu wa mihogo. Uzio wa mianzi unatutenganisha, lakini harufu haijui uzio. Nilikuwa nimekaa barazani natayarisha somo la watoto la Jumapili, mara ikanifikia: majani ya ngongo ya kufungia yanachemka, harufu mbichi, tamu kidogo, imechanganyika na uchachu wa mihogo iliyolala majini na moshi wa kuni ambazo hazijakauka vizuri. Watu wengi hapa Kisangani wakinusa harufu hiyo husikia njaa. Mimi nikafunga kitabu changu, kwa sababu nilisikia sauti ya mwanamke mzee akisoma neno moja, polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo.

Mwanamke huyo alikuwa Koko Lifoko, mama wa mama yangu; kwetu bibi au babu huitwa koko. Tuliishi ng'ambo ya kushoto ya mto, Lubunga, katika kijisehemu walikokaa watu waliotoka Yanonge na Isangi kwa mitumbwi yao, wakapanga nyumba zao zitazame maji kama walivyozoea. Mama yangu alifariki nilipokuwa na miaka sita. Koko alinichukua mimi, mkeka mmoja, na kitabu kimoja. Katika boma letu alikaa pia Tonton Rubeni, mdogo wake mama, mvuvi, mtu wa maneno mengi na mzaha usiolala.

Kitabu kilikuwa cha Injili, kidogo, jalada lake limeliwa pembeni na mende. Mama yangu alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kujua kusoma, na alikuwa amemwahidi Koko kwamba atamfundisha. Ugonjwa ukatangulia. Siku chache kabla hajaondoka aliomba kalamu ya risasi, akaandika ndani ya jalada maneno matatu: *Hiki cha mama.* Koko aliyajua maneno hayo kwa sura tu, kama mtu anavyojua kovu. Nilipoanza darasa la kwanza, jambo la kwanza aliloniomba ni kumsomea jalada lile. Nikamsomea. Akasema kwamba moto unazimika, nikalete kuni.

Kazi ya Koko ilikuwa kwanga. Kama hujawahi kuitengeneza usije ukadhani ni chakula cha haraka. Mihogo inaloweshwa siku tatu, nne, mpaka ilainike. Inaoshwa, inatolewa nyuzi, inatwangwa, inapikwa mara ya kwanza, inakandwa kwa mwiko mpaka bega liume, ndipo inafungwa katika majani na kuchemshwa tena. Kila siku baada ya shule nilikaa naye kwenye kufunga. Yeye alikata donge, akalifinyanga, akalilaza juu ya jani. Mimi nilimpa majani na kamba. Na kwa kuwa mwalimu wangu alidai kila mtoto asome kwa sauti nyumbani, nilikiweka kitabu cha mama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati yangu na Koko, nikasoma.

Tulikaa hivi: mimi nimeupa mto mgongo, Koko amenielekea, ndoo na beseni katikati. Jiko la mawe matatu lilikuwa ubavuni, na upepo wa mchana, ambao kwetu ulitoka majini, uliusukuma moshi wote kwake. Macho yake yalikuwa mekundu kila jioni. Mimi nilikuwa mtoto wa kifua kibovu, wa kukohoa mpaka majirani wanauliza. Siku moja nilimwuliza kwa nini hahami akakaa upande wangu. Akajibu, "Miye napenda kuona mto."

Nikaridhika. Ni kweli kwamba watu wetu hawawezi kukaa bila kuangalia maji.

Sasa nieleze habari ya ubatizo. Kanisa letu lilikuwa na utaratibu: anayetaka kubatizwa ahudhurie mafundisho, kisha aketi mbele ya wazee wa kanisa, aulizwe maswali ya imani, na asome ukurasa mmoja wa Injili. Wazee wa umri walisamehewa kusoma. Waliruhusiwa kutamka kwa kichwa yale waliyoyashika, na ilitosha. Aliyesimamia mafundisho hayo alikuwa Papa Samueli, fundi seremala, mtu mnyoofu kama ubao wake. Alipenda watu, lakini hakupenda pembe isiyokaa sawa.

Koko alikataa kusamehewa. Alisema atasoma. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza alifanya jambo ambalo mpaka leo familia yetu inalicheka. Alinifanya nimsomee ukurasa mmoja, uleule, siku baada ya siku, mpaka akaushika wote pamoja na mahali ninapovuta pumzi. Siku ya wazee ilipofika akaketi, kitabu kikawekwa mezani, naye akaanza kusoma kwa sauti nzuri kuliko pasta. Papa Samueli alimtazama kidogo. Kisha, taratibu, akakichukua kile kitabu pale mezani akakiweka mgongoni mwake. Koko akaendelea kusoma.

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Hata Pasta aligeuza uso kwenye dirisha. Papa Samueli hakumdhihaki. Alimwambia kwa upole kwamba ameonyesha kichwa kizuri, waandike tu kuwa ameshika kwa moyo, wambatize pamoja na wazee wenzake. Lilikuwa neno la rehema, na mtu mwingine angelipokea. Koko alisimama, akajifunga upya liputa lake, kitenge cha kiunoni, akasema, "Papa, mutoto wangu aliniachia kitabu. Hakuniachia ya kushika kwa kichwa. Nitarudi."

Njiani Tonton Rubeni alimwambia kwamba samaki akizeeka hafundishwi kuogelea upya. Koko akamjibu kwamba samaki mzee ndiye anayejua wavu ulipo. Lakini nyumbani hakula jioni ile. Wenzake wa darasa walishuka mtoni wiki iliyofuata, wakabatizwa, naye alisimama ukingoni akiwashikia nguo kavu.

Kuanzia hapo mchezo wa kukariri ukaisha. Sasa kila nilipofunua ukurasa aliniambia ningoje, nimwonyeshe neno kwa kijiti. Yeye hakukigusa kitabu hata mara moja, kwa sababu mikono yake ilikuwa nyeupe ya mihogo mpaka viwiko, na kitabu cha marehemu hakipakwi uchafu. Alinionyesha kwa kidevu: lile pale, lenye mkia, linasemaje? Siku nyingine alichora herufi kwa kidole juu ya donge kabla hajalifunga, akauliza kama ndiyo yenyewe. Niliitazama, nikaiona imesimama vizuri mbele yangu, nikamwambia ndiyo. Akaifunga ndani ya jani. Nadhani watu wengi wa Lubunga walikula alfabeti mwaka ule bila kujua.

Ilichukua msimu mmoja wa mvua na mwingine. Nakumbuka siku niliyokwama katika neno refu, nikalirudia mara tatu, na kutoka ndani ya moshi sauti ya Koko ikalitamka lote, zima, kabla yangu. Tulitazamana. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikakasirika, maana hakuna mwanafunzi anayependa kupitwa na bibi yake. Yeye alikohoa, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema kwanga zitaungua. Kwanga zinazochemka ndani ya maji haziungui.

Basi akarudi mbele ya wazee.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya kanisa la matofali lenye paa la bati, mvua imekwisha kunyesha na jua linapiga maji yaliyobaki. Wazee wanne waliketi nyuma ya meza, Pasta katikati, Papa Samueli pembeni. Familia zilikaa kwenye mabenchi. Mimi nilikuwa benchi la mbele kabisa, karibu na Tonton Rubeni, aliyekuwa amevaa shati lake la sikukuu akisema amekuja kuona miujiza. Koko alijibu maswali ya imani bila kukwama. Kisha Pasta akampa Injili kubwa ya kanisa, mkononi, akamwambia achague ukurasa wowote.

Koko aliipokea kwa mikono miwili, mikavu na misafi. Akaitazama. Halafu akaigeuza. Kichwa cha kitabu kikawa chini, na picha ya msalaba iliyokuwa juu ya jalada ikatutazama sisi wa mabenchini, miguu juu.

Kicheko kilianzia nyuma. Papa Samueli aliinuka, akamwendea, akasema bila ubaya, "Mama, kitabu iko kichwa chini." Akamsaidia kukisimamisha.

Koko akakitazama tena, na hapo nikauona uso wake ukibadilika. Midomo ilifunguka, haikutoa kitu. Alisogeza kitabu mbali, akakisogeza karibu. Alikuwa kama mtu aliyerudi kijijini kwake akakuta milango yote imehamishiwa nyuma ya nyumba. Muda ukapita. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha, kwamba mwaka jana alau alikuwa amekariri. Tonton Rubeni, mtu wa mzaha, alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Mimi nilijua anaweza. Nilikuwa nimemsikia. Lakini nilianza kuogopa kwamba labda nilimdanganya, kwamba nilimfundisha kitu kingine kisichokuwa kusoma, na kwamba Koko atashika tena nguo za watu ukingoni kwa sababu yangu. Papa Samueli alivuta pumzi ya huruma, na nikajua atasema lile neno lake la kuandika kwamba ameshika kwa moyo.

Hakupata nafasi. Koko alitembea mpaka mezani, akakilaza kitabu mbele ya Pasta, kimwelekee Pasta. Akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa meza, hasa kama alivyoketi nyumbani. Akasema, "Pasta, kitabu iangalie weye. Fungua mahali unataka. Miye nitasoma kutoka hapa."

Pasta alimtazama, akafungua. Si pale pa mwanzo panapofunguka penyewe. Alipitisha kidole katikati ya kurasa akafungua mahali asipopajua hata yeye. Koko akainama kidogo, akaanza.

Alisoma habari za wavuvi walioshinda usiku kucha bila kupata kitu, wakawa wanaosha nyavu zao, Bwana akaja akaomba mtumbwi. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, akivuka gogo lake. Pasta alifuata kwa kidole upande wake, na kidole chake na sauti ya Koko vilikwenda pamoja kama makasia mawili. Juu yetu bati lililia kwa joto. Alipofika pale nyavu zinapojaa, akasimama katikati ya mstari, akainua macho akawaambia wazee kwamba hao watu walikuwa wamechoka kweli, maana anayeosha wavu amekwisha kata tamaa ya siku. Kisha akarudi kwenye neno lake palepale alipoliacha.

Papa Samueli hakuweza kuvumilia. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya Koko, akainama, akajaribu kuona anachokiona yeye. Alikunja shingo huku na huku kama kuku anayechungulia mtungi. Alimwomba Pasta afungue mahali pengine. Koko akasoma. Akaomba pengine, kurasa mbili zilizokuwa zimegandamana kwa unyevu, ambazo pengine hazijawahi kusomwa na mtu katika kanisa lile. Pasta akazibandua. Koko akasoma.

Pasta aliuliza ni nani aliyemfundisha. Koko alinionyesha kwa kidevu, kama alivyozoea.

"Ni ule mutoto," akasema. "Lakini musimulaumu. Kitabu ilikuwa inamuangalia yeye."

Papa Samueli, fundi wa pembe zilizonyooka, alikaa tena mahali pake. Aliniambia baadaye sana, alipokuwa mzee na mimi mwalimu, kwamba siku ile alitubu dhambi moja bila kutamka: alidhani kuna upande mmoja tu wa meza. Lakini saa ile alichosema ni hiki: "Bon. Iandikwe kwamba mama amesoma." Na mabenchi yote yakasimama. Akina mama walipiga vigelegele, wengine wakaanza wimbo, kila mmoja katika ufunguo wake, na Tonton Rubeni alilia mbele ya watu, akasema ni jasho.

Jumapili iliyofuata tulishuka mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamejaa, yanasukuma magugu kutoka juu. Tonton Rubeni alisimama na mtumbwi wake upande wa mkondo, kuyazuia magugu, akisema mto huu umejaribu kumzamisha mama yake tangu akiwa msichana na leo anajipeleka mwenyewe. Koko aliingia bila kushikwa. Pasta alimzamisha, akamwinua, na maji yakamwagika kutoka katika nguo yake nyeupe. Alicheka kwa sauti, ndani ya maji, kicheko cha msichana. Safari hii mimi ndiye niliyemshikia nguo kavu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila jioni alisoma kitabu chake. Nilijaribu kumfundisha kukisoma kikiwa kimesimama. Alikubali kwa adabu, akasoma mistari miwili, kisha nilipogeuka alikirudisha kichwa chini. Mgeni alipoingia nyumbani alikishangaa. Koko hakujisumbua kueleza. Nilipomzika, kitabu kilibaki kwangu, na mimi, kwa miaka zaidi ya arobaini ya kufundisha watoto kanisani, nimekitumia kisa hiki kuwachekesha. Niliwaambia: mwoneni Mungu, hata kitabu kikiwa kichwa chini anasikika. Ni kweli, na nilidhani nimekimaliza kisa.

Sikuwa nimekimaliza. Pasaka iliyopita nilitengeneza kwanga za familia mwenyewe, uani kwangu, upande huu wa kulia wa mto ninaoishi sasa. Mjukuu wangu Neema, mwenye miaka minane, alikaa nami na kitabu chake cha shule, maana mama yake hakubali likizo ipite bure. Kuni zilikuwa mbichi. Upepo ukageuka, moshi ukamfunika mtoto, akaanza kukohoa. Sikufikiri. Nilimwinua, nikamketisha nilipokuwa mimi, nikakaa mahali pake. Akapinga, akasema, "Koko, moshi itakuumiza macho."

Nikasikia kinywa changu kinamjibu: "Hapana. Miye napenda kuona mto."

Kutoka uani kwangu mto hauonekani. Kuna ukuta wa shule, na nyuma yake mitaa mitatu.

Nilikaa pale, ndugu zangu, na jani la ngongo mkononi, sikulifunga. Neema alikirudisha kitabu juu ya kigoda, kimwelekee yeye, akaanza kusoma. Nilikitazama kutoka upande ule. Herufi zote zilikuwa miguu juu. Nimesoma vitabu vingi maishani, nimefundisha wengi kusoma, lakini nilijaribu mstari mmoja tu kutoka pale alipokaa bibi yangu, katika moshi, macho yanatiririka, na sikuweza. Yeye aliweza kitabu kizima. Mimi nilipewa pumzi, na mwanga, na upande uliosimama, nikadhani ndiko vitabu vinakoelekea.

Mungu akubariki wewe unayesoma, popote ulipoketi. Akupe pumzi safi na macho yasiyochoka. Na amkumbuke kwa jina yule aliyekaa upande wa moshi ili kitabu kikuelekee wewe. Amina.